Maboya matupu: kwa nini kingamwili zinapishana na virusi vya homa ya ini

Juzi kati alikuja baba mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, ana bahasha kaikunja mara nne. Alikuwa ameenda kumchangia damu shemeji yake aliyefanyiwa upasuaji, baadaye akaambiwa damu yako haikutumika, nenda kapime homa ya ini vizuri. Mi nipo maabara, maabara yenyewe ndogo tu ya mtaani, basi nikamtoa damu, nikaizungusha kwenye mashine hadi ikajitenga, nikadondosha matone ya yale maji ya njano ya juu kwenye kile kikadi cheupe cha plastiki, tukawa tunasubiri huku feni inapiga kelele. Dakika 15. Mstari wa kwanza, pale kwenye C, unatokea kwa kila mtu, huo unasema tu kipimo ni kizima. Wa pili, wa T, ulitokea hata dakika 5 hazijaisha, mwekundu, mnene.

Akauangalia weee, mwisho akasema, "Sasa dokta," (huku kwetu ukivaa koti jeupe tu we ni dokta, nimeshachoka kukataa) "mi siumwi. Nabeba magunia kama kawaida. Na mwili si una askari wake? Hao askari walikuwa wapi?"

Nikamwambia mzee wangu, askari walikuwepo na wengine wapo mpaka leo, ila wanakamata maboya. Hakunielewa, na kwa dakika zile nilizokuwa nazo nisingeweza kumwelewesha, ndo maana naandika hapa kwa nafasi, maana swali lake nalisikia karibu kila wiki na majibu mengi yanayozunguka mtaani ni ya kubahatisha.

Tuanze na kingamwili kwanza, maana watu wanalitumia hili neno kama vile ni nguvu fulani hivi unayoipata ukinywa juisi ya ubuyu. Kingamwili ni kitu kabisa, ni protini, na umbo lake ni kama manati ya kuwindia ndege: mpini chini, pembe mbili juu, na kwenye ncha za zile pembe ndo pana mahali pa kushikia. Kila aina ya kingamwili inashika umbo moja tu, haishiki lingine. Zinatengenezwa na chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli B, na mwilini mna mamilioni ya seli B tofauti, kila moja na manati yake, zinazunguka tu. Siku kirusi kikiingia, ile ambayo manati yake imebahatika kufanana na kipande cha ngozi ya kirusi inaanza kuzaliana na kumwaga kingamwili kwenye damu. Sasa shika hapa, maana hapa ndo kila kitu kinapoegemea: kwa kawaida kingamwili inafanya kazi nje ya seli. Ikikiwahi kirusi kikiwa bado kinaelea kwenye damu inakivaa kila upande, kinashindwa kushika mlango wa seli ya ini, kwisha habari yake. Lakini kikishaingia ndani, kingamwili inabaki mlangoni, na kazi ya humo ndani ni ya askari wengine, seli T, ambao hawana ujanja mwingi zaidi ya kuiua seli yenyewe iliyovamiwa au kuimwagia kemikali za kukinyamazisha kirusi.

Sasa virusi vya homa ya ini viko vitano vinavyojulikana sana, A, B, C, D na E, na sio ndugu kabisa, vimefanana tu kwamba vyote vinapenda ini. Kila kimoja kina njia yake ya kuzikwepa manati. Mi nitakaa sana kwenye B na C maana ndo vinavyokaa na mtu miaka na miaka, na ndo vinavyoleta ini kusinyaa na kansa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na B na milioni 50 wana C, na vifo vya homa ya ini mwaka huo vilikuwa kama milioni 1.3, vingi vikiwa vya B.

Haya, B. Kama umewahi kukaa ufukweni huku utakuwa umeona doria ya uvuvi haramu inavyofanya kazi, wanapita na boti wanatafuta makokoro na nyavu za macho madogo, na alama yao kubwa ni nini? Maboya. Ukiona maboya yanaelea unasogea, unavuta, unakuta wavu. Sasa piga picha mvuvi mmoja haramu, mjanja kupita wenzake, badala ya kuficha wavu wake anachukua madumu matupu laki moja anayamwaga kuanzia Kamanga mpaka Ukerewe, yote yanafanana na maboya yake, chini hamna kitu. Doria ikiingia ziwani inavuta dumu la kwanza, tupu, la pili, tupu, la elfu moja, tupu, mafuta yanaisha, vijana wamechoka, na ule wavu wenyewe upo palepale unaendelea kuvua. Kirusi B kinafanya hivyohivyo. Kirusi kizima kina koti la nje, ndani ya koti kuna kifuko, ndani ya kifuko kuna jeni zake. Seli ya ini iliyovamiwa inatengeneza virusi wazima, sawa, ila pia inatengeneza makoti matupu, mengine duara mengine marefu kama tambi, hayana jeni ndani, hayawezi kumwambukiza mtu hata moja. Na hayo matupu yanawazidi virusi wazima mara elfu moja mpaka mara laki moja. Kingamwili inayotengenezwa dhidi ya koti ndo ile tu yenye uwezo wa kukizuia kirusi, na inapotoka tu inanasa kwenye makoti matupu. Kwa hiyo kwenye damu ya yule baba zinaweza kuwepo kabisa kingamwili za koti, ila ukizipima kwa kawaida huzioni, zimelemewa zote, kila manati ina mzigo.

Na haiishii kwenye kuchosha kingamwili tu. Zile seli B zinazozitengeneza, zikioga kwenye makoti haya mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, zenyewe zinachoka. Zipo, ukizitafuta kwenye damu unazikuta, ila zimepoa, haziitiki vizuri zikiitwa. Seli T nazo hivyohivyo. Mwili ni kama jirani wa baa, wiki ya kwanza halali, baada ya miaka mitano muziki hausikii tena.

Halafu kuna kichekesho kingine ambacho mi kila siku kinanishangaza. Mtu mwenye B ukimpima utakuta ana kingamwili nyingi mno, tele, za kile kifuko cha ndani, zinaitwa anti-HBc. Mwili umezitengeneza kwa bidii zote. Hazina msaada! Kifuko kiko ndani ya koti, kirusi kikiwa kinatembea kwenye damu kifuko hakionekani, ni sawa na polisi kupewa maelezo ya mwizi kwamba amevaa singlendi nyeupe, na mwizi ana koti juu. Sisi maabara zinatusaidia, zinatuonyesha kwamba huyu mtu amewahi kukutana na kirusi kweli, lakini yeye mwenyewe hazimlindi. Ndo maana nikiona mtu anafurahi kwamba karatasi yake imeandikwa kingamwili zipo, huwa namuuliza kwanza, za nini?

Kuna protini nyingine tena inaitwa HBeAg, kirusi kinaimwaga kwenye damu ingawa hakiihitaji kujijenga, na wataalamu wengi wanaeleza kwamba kazi yake ni kuwapoza askari. Ni ndogo, inapita kondo la nyuma kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na mtoto akiwa tumboni kinga yake ndo inajifunza yupi wa nyumbani yupi mgeni, sasa akizaliwa na hiki kitu ameshakizoea. Hapo ndo unaelewa kwa nini mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 wanabaki nacho, wakati mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya 95 kati ya 100 wanakifukuza wenyewe ndani ya miezi 6, tena wengine bila hata kujua, walidhani ni malaria tu. Yule baba wa dagaa kwa makisio yangu alikipata utotoni. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo akasema mama yake alikufa na tumbo limejaa maji, na ukoo wote walisema karogwa.

(Hapa niingize kitu, maana mkiwa wa kanda hii mtaniuliza. Sio kila tumbo lililojaa maji huku ziwani ni homa ya ini. Kichocho cha tumbo nacho kinaharibu ini na kinatapisha damu, visiwani tunakiona sana, na wapo wenye vyote viwili. Na minyoo ya kichocho nayo ni wajanja wa haya mambo, mnyoo mkubwa anajipaka molekuli za mwenyeji wake juu ya ngozi, kinga ikipita inaona ndugu. Ila hiyo ni makala nyingine.)

Tukirudi kwenye B, hata ukijaaliwa kingamwili nzuri kabisa, kirusi bado kina stoo. Jeni zake zikiingia kwenye kiini cha seli ya ini zinajifunga duara, zinakaa pale kama original ya fotokopi iliyofungiwa kabatini, na huko kingamwili haifiki, wala tenofovir, dawa anayoimeza mgonjwa kila siku, haiiondoi. Dawa inazuia fotokopi zisitoke. Kwa hiyo hata mtu aliyepona kabisa B miaka 20 iliyopita, kingamwili za koti anazo, siku akipewa dawa kali za kushusha kinga, mfano zile za baadhi ya kansa zinazoua seli B, kirusi kinaweza kuamka. Daktari akikuuliza kama uliwahi kuumwa ini kabla ya kukupa dawa hizo, usimjibu juujuu.

Kubadili sura B kinabadili pia, ila kwa shida, kwa sababu jeni zake ni fupi, herufi kama 3,200 tu, na zimebanwa kiasi kwamba kipande kinachoandika koti hichohicho kinasomwa pia kwa namna nyingine kutengeneza mashine ya kunakilia. Ukigusa herufi moja umegusa vitu viwili. Hata hivyo kuna badiliko moja maarufu, kwenye nafasi ya 145 ya koti, linapindua lile umbo ambalo kingamwili za chanjo zinalipenda, na liliripotiwa mwaka 1990 kwa mtoto wa Italia aliyekuwa amechanjwa. Watu wakaogopa sana kwamba chanjo itakufa. Haijafa, miaka zaidi ya 30 sasa, lile badiliko halijaenea namna ile.

Kwa C hali ni tofauti kabisa, hiki hakina habari na maboya matupu. Hiki kinapaka mtumbwi rangi mpya kila usiku. Jeni zake zimeandikwa kwa RNA, kemikali ndugu ya DNA, herufi kama 9,600, na mashine yake ya kunakilia haina mhariri, haikagui makosa, kwa hiyo karibu kila nakala inatoka na kosa lake. Sasa kwa mgonjwa mmoja kwa siku moja virusi kama trilioni moja vinatengenezwa. Trilioni, ile yenye sifuri 12. Vingi vinatoka vibovu vinakufa, lakini wewe unatafuta kimoja tu ambacho kosa lake limempotosha askari, na kwa idadi hiyo hukikosi. Kuna kipande kwenye ngozi yake, urefu wa asidi amino (yale matofali ya protini) kama 27, kinachobadilika kupita vyote, na ujanja ni kwamba kipande hicho ndo kinachojitokeza mbele mbele, kinga inakiona haraka na kukitengenezea kingamwili kwa hasira zote. Zikiwa tayari, wiki kadhaa zimepita, kirusi kilishavua ile sura. Wapo wagonjwa ambao damu yao ilitunzwa kwa miaka mingi ikaja kupimwa kwa mpangilio, na kilichoonekana ni kwamba kingamwili za mgonjwa zinakizuia vizuri kirusi chake cha miezi iliyopita, cha leo zinashindwa. Doria inatembea na picha ya mtumbwi wa mwaka jana.

Halafu ile sehemu ambayo hakiwezi kuibadilisha, pale kinaposhikia mlango wa seli, kimeifunika na sukari. Sukari zenyewe zinatengenezwa na seli zetu, kinga haizishtukii. Juu ya hapo kinajibandika kwenye mafuta ya damu, yale yale ya kolestro yanayosafiri kutoka ini, yaani kirusi kinatembea mjini kikiwa ndani ya gunia la mafuta yetu wenyewe, manati haina pa kushika. Na kikitaka kinahama kutoka seli moja kwenda ya jirani kwa kupitia ukutani, bila kutoka barabarani. Ndo maana mpaka leo C haina chanjo. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, na Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi hiyo, lakini chanjo hamna. Kilichopo, na ni kitu kikubwa, ni vidonge, wiki 8 mpaka 12, vinaponyesha zaidi ya 95 kati ya 100. Kingamwili ilishindwa, kidonge kikaenda kuivunja ile mashine ya kunakilia ndani kwa ndani.

Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya C imeandikwa positivu, hicho kipimo cha haraka kinapima kingamwili, maana yake umewahi kukutana nacho. Kama watu 30 kati ya 100 wanakifukuza wenyewe bila dawa, na kingamwili zinabaki, ni nyayo mchangani, mwenyewe alishapita. Na hata waliopona kwa vidonge nyayo zinabaki, na hazizuii kuambukizwa upya. Inabidi upimwe kirusi chenyewe, RNA. Kipimo cha haraka cha B ni kinyume, chenyewe kinapima koti, HBsAg, kwa hiyo mstari ukitokea ni kwamba koti lipo leo kwenye damu yako. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku, na sio watu wa mtaani tu.

A na E nitapita haraka. Vyote vinaingia kwa maji na chakula vyenye kinyesi, na wengi wetu tuliokulia kwenye maji ya kuchota tulipata A tukiwa wadogo, tukapona, kinga ya maisha. Ila navyo vina kituko: ndani ya choo vipo uchi, wagumu kama kokoto, lakini vikiwa kwenye damu vinajifunika na utando vilioukwapua kwenye seli ya ini, hivyo kwa A mtu anaweza kukaa kama wiki 4 hajui kitu, na anakitoa chooni kabla macho hayajawa ya njano. Nyongo ndo inaivua ile nguo kirusi kikielekea utumbo. Kingamwili za A hata hivyo zinafanikiwa mwishoni, zinaingia nacho ndani ya seli na kukikaba kikishavuliwa, ndo maana chanjo yake inafanya kazi vizuri. E nayo inamwaga protini za bure kwenye damu kama B, na ni hatari hasa kwa mama mjamzito miezi ya mwisho. D sio kirusi kamili, kinaazima koti la B, bila B hakiendi popote, na kingamwili za koti la B zinakizuia nacho.

Sasa yale makoti matupu. Miaka ya 1960 Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuta kwenye damu ya mtu mmoja wa jamii ya wenyeji wa Australia protini ngeni inayoitikiana na damu ya mgonjwa mwingine aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, wakaiita antijeni ya Australia, wakati huo hakuwa anatafuta homa ya ini hata kidogo. Ikaja kujulikana kwamba ni koti la B. Yaani kirusi kilifichuliwa na madumu yake mwenyewe, maana kama kingekuwa kinamwaga virusi wazima tu, kwa vyombo vya enzi zile kuvipata ingekuwa kazi. Na mstari mnene wa yule baba ulitokea haraka vile kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1976 akapata Nobel. Lakini utamu ni huu: Blumberg na mwenzake Irving Millman walifikiria, kama koti tupu haliambukizi na ndo umbo ambalo kingamwili inalitaka, kwa nini tusimpe mtu makoti matupu kabla hajakutana na kirusi? Chanjo ya kwanza iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981 ilitengenezwa hivyo, damu ya watu wenye B inakusanywa, makoti yanachujwa na kuoshwa kwa kemikali mpaka hakuna kirusi hai. Mwaka 1986 ikaja ya sasa, hamira inapewa jeni ya koti inalitengeneza yenyewe, damu ya mtu haihusiki tena.

Na hapa ndo jibu la swali ambalo watu wanaliuliza kwa ukali, kama kingamwili zinashindwa chanjo inasaidia nini? Ni suala la nani katangulia. Ukiwa umechanjwa, kingamwili zipo majini kabla mvuvi hajashusha hata dumu moja. Virusi wanaoingia kwa kisu au kwa tendo la ndoa ni wachache, wanakamatwa wote, hakuna seli ya ini iliyovamiwa ya kumwaga makoti. Ukichanjwa ukiwa nacho tayari, umeongeza madumu machache ziwani, basi, hela yako imeenda. Ndo maana tunasema pima kwanza, halafu kama huna, sindano 3, ya leo, ya mwezi ujao na ya mwezi wa 6, na usiishie ya pili kwa sababu umepata safari ya Ukara.

Wiki iliyofuata yule baba alirudi na mama watoto na vijana wawili. Mama alikuja na uso wa msiba. Kwake T haikutokea, na kipimo cha kingamwili za koti nilichomfanyia kikaonyesha anazo, na za kifuko pia, kwa hiyo alishapambana nacho, pengine ukubwani, akakishinda, yeye anachokumbuka ni kwamba kuna mwaka aliumwa wiki mbili akaambiwa ni taifodi. Vijana wote hawana kirusi, mkubwa ana miaka 16, kadi yake ya kliniki mama alikuwa ameitunza kwenye mfuko wa rambo, pentavalenti, ile chanjo ya watoto yenye ya B ndani yake, zote tatu zimewekewa tarehe. Baba nimemwandikia aende hospitali kubwa wakapime wingi wa kirusi na hali ya ini, maana sio kila mwenye B anaanzishiwa dawa siku hiyohiyo.

Wakiwa wanatoka mama akarudi mlangoni peke yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, na sahani yake? Tangu juzi nimeitenga." Nikamwambia mama, rudisha sahani, kuleni pamoja, kirusi B hakiambukizi kwa ugali. Wembe ndo kila mtu awe na wake.